Utabiri wa mitindo ya tovuti: huduma tuliyoinunua Unguja na tulivyoipima Wete

Miezi mitano iliyopita familia yetu ililipa shilingi milioni 3 na laki 2 kwa kampuni ndogo ya vijana wa Mjini Unguja ili watufanyie kazi mbili zinazofuatana: kwanza, kutuandikia utabiri wa jinsi tovuti za biashara ndogo za utalii zitakavyosanifiwa katika miaka 3 ijayo, na pili, kutujengea tovuti mpya inayotokana na utabiri huo. Tuna nyumba ya wageni yenye vyumba 7 hapa Wete, pamoja na boti moja inayowachukua wageni hadi kisiwa cha Fundo. Wengi wa wageni wetu hututafuta kwa simu, ama wakiwa bado kwao Ulaya, ama wakiwa wameshafika Nungwi na wanataka kujua kama inafaa kuvuka kuja Pemba. Kwetu sisi tovuti ndiyo baraza anayokaribishwa mgeni kabla hajaiona nyumba yenyewe, na kwa kuwa ni mwalimu mstaafu mwenye muda wa kukaa na jambo mpaka nilielewe, nimeifuatilia kazi hii tangu siku ya kwanza. Jina la kampuni siliandiki, kwa sababu kuna makosa nitakayoyaeleza, na mengi kati ya hayo wameshayasahihisha.

Huenda mtu akauliza biashara ya vyumba 7 inanunua utabiri wa nini. Sisi hatujengi tovuti kila mwaka. Tukijenga leo tutakaa nayo miaka 4 au 5, na tukikosea tunakaa na kosa muda wote huo. Tumeshawahi kukaa nalo. Tovuti yetu ya kwanza, ya mwaka 2009, ilitengenezwa kwa Flash, programu ya Adobe ya kuweka picha zinazotembea na sauti ndani ya tovuti: ilifunguka kwa muziki wa taarabu, mawimbi yakipita chini ya jina la nyumba, na kila aliyeiona kwenye kompyuta aliisifu. Simu ya iPhone, iliyoingia sokoni mwaka 2007, haikuwahi kuifungua Flash hata siku moja, na mwezi Aprili 2010 Steve Jobs, aliyekuwa mkuu wa Apple, kampuni inayotengeneza iPhone, aliandika waraka wa wazi akieleza kwa nini haitairuhusu. Sisi waraka huo hatukuusoma. Mwaka 2012 mgeni mmoja kutoka Ujerumani alituandikia kwamba kila alipoifungua tovuti yetu kwenye simu aliona ukurasa mweupe mtupu, akadhani tumefunga biashara. Adobe yenyewe iliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020, lakini kwa watu wa utalii ilikuwa imeshakufa zamani. Na mwezi mmoja tu baada ya waraka wa Jobs, yaani Mei 2010, msanifu Ethan Marcotte alichapisha makala iliyoeleza namna ya kujenga ukurasa mmoja unaojipanga upya kulingana na upana wa kioo cha simu au kompyuta, njia ambayo ndiyo inayotumika mpaka leo. Aliyezisoma dalili za miaka ile aliweza kuona mambo yanakoelekea, kwa kuwa chombo chenyewe kilikuwa kimeshaingia mikononi mwa watu.

Ndiyo maana kila ninapoletewa utabiri wa usanifu wa tovuti huuliza kwanza mabadiliko hayo yanasukumwa na nini. Yale yanayosukumwa na chombo, na hali ya mtandao, na sheria, au na namna watu wanavyotafuta habari, hufika na kukaa. Yale yanayosukumwa na mapenzi ya macho peke yake hujaa na kupwa, na mfanyabiashara mdogo hana sababu ya kuyagharamia sana.

Ripoti waliyotuletea ina kurasa 38, imeandikwa kwa Kiswahili kizuri, na inataja mitindo 11. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba mitindo yote 11 imepangwa safu moja kana kwamba ina uzito sawa. Inaanza na ule mtindo wa vitufe na menyu zinazopitisha mwanga, ambao Apple iliutangaza Juni 2025 kwa jina la Liquid Glass, na waandishi wakakata shauri kwamba tovuti za utalii zitafuata. Inawezekana nyingi zikafuata kwa muda. Lakini Windows Vista ilishakuja na fremu zinazopitisha mwanga mwaka 2007, na Windows 8 ikaziondoa mwaka 2012; Apple nayo mwaka 2013, katika iOS 7, toleo la mfumo unaoendesha simu zake, ilifuta sura za ngozi na mbao ilizokuwa imezipamba programu zake kwa miaka kadhaa. Mwenye duka la kanga pale Darajani anajua kwamba nakshi inayopendwa mwaka huu huenda mwakani isiulizwe, ilhali pindo, mji na jina vipo palepale, na kanga ya jina baya hainunuliwi hata nakshi yake ikiwa nzuri vipi. Ningependa ripoti iwe imesema wazi ni yapi katika tovuti yaliyo nakshi na ni yapi yaliyo jina. Kurasa 9 zilizotumika kuonyesha picha za tovuti zilizoshinda tuzo huko nje zingetosha kwa kazi hiyo.

Hali ya giza, yaani maandishi meupe juu ya weusi pale mtumiaji anapoiweka simu yake hivyo, imeelezwa kwa aya mbili na imetekelezwa vizuri. Tovuti inafuata mpangilio wa simu yenyewe, na usiku inasomeka bila kuumiza macho.

Sehemu iliyonifanya niamini kwamba fedha yetu haikupotea ni sura ya nne, inayohusu namna watu watakavyotupata. Tangu Mei 2024 Google ilipoanza kuwaonyesha watumiaji wa Marekani majibu yaliyoandikwa na akili mnemba juu ya orodha ya tovuti, na kisha kuyapeleka katika nchi nyingine, mgeni anaweza kuuliza swali lake na kupata jibu bila ya kufungua ukurasa wa mtu yeyote. Ripoti inatabiri kwamba katika miaka 3 ijayo tovuti ya biashara kama yetu itasomwa na mashine mara nyingi zaidi kuliko na watu, na kwamba mshindi atakuwa yule aliyeandika mambo yake kwa maneno ya wazi, yenye tarakimu, bila ya kuyaficha ndani ya picha. Hapa utabiri umesimama juu ya jambo lililokwishaanza kutendeka, na nimeukubali bila shaka yoyote. Katika tovuti yetu ya zamani bei zote zilikuwa ndani ya picha moja iliyochorwa kwa maua ya mkarafuu pembezoni; saa ya boti kuondoka ilikuwa ndani ya picha nyingine. Ilipendeza, na haikumsaidia yeyote aliyekuwa akitutafuta.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya subira, na kijana aliyepewa aliifanya kwa moyo. Alikaa nasi barazani siku nzima, akijaza taarifa kwa utaratibu wa schema.org, ule ambao Google, Microsoft na Yahoo waliuanzisha mwaka 2011 ili tovuti ziweze kuziambia mashine kwa lugha moja kwamba hii ni bei, hii ni anwani, hii ni saa ya kupokea wageni. Aliuliza ngazi za kwenda chumba namba 3 ni ngapi. Aliuliza umeme ukikatika jenereta huwashwa baada ya muda gani, na wakati wa kusi, bahari inapochafuka na boti isiweze kutoka, mgeni hurudishiwa fedha zote au sehemu.

"Maalim, maji ya moto yapo vyumba vyote?"

"Vyumba 4."

"Basi tuandike 4, Maalim. Mashine ikisema vyote, mgeni atakuja na lawama, na atakayelaumiwa ni wewe."

Sijapata kuona mtu wa kompyuta akiijali nyumba ya watu namna ile. Mwezi wa pili baada ya tovuti kuwa hewani, wageni wawili kutoka Italia walituambia kwamba waliuliza kwenye simu zao ni nyumba gani Wete yenye chumba cha chini kisichokuwa na ngazi, kwa kuwa mama yao hupanda kwa shida, na wakaletewa jina letu pamoja na idadi ya vyumba.

Jambo hilo la mama yule linanipeleka kwenye sura ya sita, inayosema kwamba sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu ufikikaji wa bidhaa na huduma, yaani watu wenye ulemavu nao waweze kuzitumia, iliyoanza kutumika tarehe 28 Juni 2025, itatulazimisha sisi kubadilisha tovuti zetu. Hapa waliteleza. Sheria hiyo imewaachilia watoa huduma wadogo kabisa, wenye wafanyakazi chini ya 10 na mapato ya mwaka yasiyozidi euro milioni 2, na sisi tuko watu 5. Nililazimika kuisoma mwenyewe ndipo nilipolijua hilo, na si haki mteja aogopeshwe kwa sheria isiyomhusu. Hata hivyo mwelekeo wenyewe ni wa kweli, na hauhitaji kiboko. Mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kuzifanya tovuti zitumike na watu wote, ambao toleo lake la 2.2 lilitoka Oktoba 2023, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na kitufe cha kubonyeza kisiwe chini ya pikseli 24 kwa 24. Nilipoifungua tovuti mpya uani, chini ya mwembe, saa 6 mchana, sikuweza kusoma maelezo ya vyumba. Maandishi yalikuwa ya kijivu hafifu juu ya weupe, mtindo ambao wasanifu wanaupenda kwa upole wake, na uwiano wake, kwa kipimo chao wenyewe, ulikuwa 2.8 kwa 1. Anayeishi katika visiwa hivi husoma simu yake juani mara nyingi kuliko ndani. Walipoambiwa waliyakoza siku hiyohiyo, na sasa yanasomeka.

Kosa lililoniuma zaidi lilikuwa la uzito wa ukurasa. Siku walipotukabidhi kazi niliichukua tovuti hadi gatini, nikamwomba nahodha wetu aifungue kwenye simu yake, ambayo ni ya bei ya chini, kioo chake kimepasuka pembeni, na huwekwa bando la siku asubuhi kwa asubuhi. Ukurasa wa mbele ulianza kwa video ya ufukwe wa Vumawimbi iliyopigwa kutoka angani, nzuri kwa kweli, na uzito wa ukurasa mzima ulikuwa megabaiti 14. Mtandao wa siku ile tuliupima ukawa megabiti 1 kwa sekunde. Baiti moja ni biti 8, basi megabaiti 14 ni megabiti 112, kwa hiyo ukurasa ulihitaji karibu dakika 2 kukamilika. Nahodha aliishika simu kwa mikono miwili, akasubiri, kisha akanirudishia.

"Maalim, bando langu limekwisha, na bei ya chumba bado sijaiona."

Ukurasa wa 22 wa ripoti yao wenyewe unaeleza kwamba Google huhesabu tovuti kuwa nzuri pale sehemu kuu ya ukurasa inapoonekana ndani ya sekunde 2.5, na pale mguso wa kidole unapojibiwa ndani ya millisekunde 200, kipimo hicho cha pili kikiwa kimeanza kutumika Machi 2024 badala ya kile cha zamani. Waliotabiri waliyajua, na waliojenga hawakuyafuata. Nilipouliza sababu, niliambiwa kwamba tovuti ilijaribiwa ofisini, kwenye intaneti ya waya na simu za mwaka jana, na huko ilifunguka mara moja. Ninaamini walisema kweli. Lakini utabiri wa tovuti za visiwani ulipaswa kuanzia kwenye simu ya nahodha. Ulipaswa pia kuikumbuka Mei 2024, wakati nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipoharibika na intaneti ikazorota nchini kote, watu wakawa wanasubiri ujumbe wa maneno matupu upite. Katika mitindo yote 11 hakuna hata mmoja unaozungumzia tovuti inayofanya kazi siku mtandao unapokuwa mbaya, na kwa maoni yangu hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote, kwa sababu kwetu ukurasa mwepesi ndio utakaodumu kuliko mtindo wowote wa vioo na vivuli.

Waliporudi kazini walifanya mambo matatu ambayo ningemshauri kila mwenye biashara ayadai tangu mwanzo. Waliiondoa video na kuweka picha moja. Picha zote walizigeuza kuwa za WebP, muundo wa picha ulio mwepesi, na kuzipunguza upana, hata ile ya Vumawimbi iliyokuwa megabaiti 4.6 ikashuka hadi kilobaiti 180, na jicho langu halioni tofauti. Kisha waliipanga tovuti ili ukurasa wa bei na namba zetu za simu, ukishafunguliwa mara moja, ubaki ndani ya simu na ufunguke tena hata pasipokuwa na mtandao. Ukurasa wa mbele sasa una kilobaiti 900. Kwa mtandao uleule wa gatini hukamilika kwa sekunde 7, na bei huonekana kabla ya hapo.

Limebaki la lugha, na hili nalisema nikiwa mwalimu wa Kiswahili kwa miaka 31. Ripoti inatabiri, kwa haki kabisa, kwamba tovuti za lugha nyingi zitaongezeka kwa kuwa mashine sasa zinatafsiri kwa bei ndogo. Basi wakaiachia mashine itafsiri tovuti yetu kutoka Kiingereza, na kitufe kikubwa cha rangi ya machungwa, ambacho mgeni hukibonyeza ili kuweka nafasi ya chumba, kikaandikwa "Kitabu Sasa". Mashine ilikutana na neno la Kiingereza "book", linalobeba maana mbili, kitabu na kuweka nafasi, ikachukua isiyohusika. Nilikitazama kitufe kile kwa muda mrefu. Kiunguja ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, wanafunzi wa nchi za mbali huja Unguja kujifunza lugha hii, na tovuti iliyojengwa Mjini, kwa ajili ya nyumba ya Wete, inamwambia Mswahili mwenzetu "Kitabu Sasa". Aliyesoma maneno hayo ataamini kwamba ukurasa wa Kiswahili umewekwa kwa ajili ya kujaza nafasi, na kwamba yeye si mgeni anayetarajiwa.

Tulipolibadilisha likawa "Weka nafasi ya chumba", na hapo likajitokeza tatizo la usanifu lenyewe. Kitufe kilikuwa kimepimwa kwa maneno ya Kiingereza "Book Now", yenye herufi 7. Ya kwetu yana 18, na neno la mwisho likamwagika nje ya ukingo. Kiswahili kinahitaji nafasi zaidi, na msanifu anayeanza na Kiingereza atarudia kosa hili kila mara. Jingine lilifichuliwa na shemegi yangu, ambaye haoni na hutumia programu inayomsomea maandishi ya simu kwa sauti. Simu yake ilikuwa ikiyasoma maneno yetu ya Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, asielewe hata moja, kwa sababu ndani ya msimbo ukurasa ulikuwa umetambulishwa kuwa ni wa Kiingereza. Ilitosha kubadili herufi mbili, kutoka "en" kuwa "sw". Alipousikia tena alitulia akausikiliza wote hadi mwisho, pamoja na bei ya boti.

Huduma yao baada ya malipo ni nzuri. Simu hupokewa, ujumbe hujibiwa kabla ya jua kuchwa, na hakuna sahihisho hata moja waliloliomba fedha ya ziada. Ningewaajiri tena kwa kazi ya kupanga taarifa na kwa matengenezo. Kwa utabiri ningewataka kwanza wapunguze mitindo ibaki mitano, waeleze kila mmoja unasukumwa na nini, na wakae siku mbili Pemba kabla ya kuandika. Mtu mwenye biashara ya aina yetu anayetaka kwenda kwao, au kwa kampuni nyingine yoyote, aweke katika mkataba uzito wa ukurasa wa mbele kwa kilobaiti, aweke simu itakayotumika kuujaribu na mahali pa kuujaribia, na asilipe malipo ya mwisho kabla ya hapo. Sisi hatukuweka, na tulichelewa wiki 6 kwa sababu hiyo.

Kazi moja bado haijamalizika. Tunapokea wageni kutoka Oman, wengi wao wakiwa na jamaa hapahapa Wete na Chake Chake, na ripoti haikuwataja popote. Ukurasa wa Kiarabu unahitaji kusomwa kutoka kulia, menyu na vitufe vyote vikigeuzwa upande, na vijana wamekubali kuujenga kwa shilingi laki 4. Safari hii tafsiri itafanywa na maalim wa hapa mtaani aliyesoma Muscat. Tumelipa nusu, na nusu iliyobaki itatoka siku nitakapoufungua gatini, kwenye simu ya nahodha.